Mapumziko bila jamaa: Jinsi Umoja wa Kisovieti ulivyoifuta Jumapili

Mtu akiulizwa kwa nini astahili siku ya mapumziko, aghalabu hujibu kuwa mwili huchoka na unahitaji kurejeshewa nguvu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Historia ya Umoja wa Kisovieti kati ya mwaka 1929 na 1940 inaonyesha kwamba mtu anaweza kuongezewa siku za kupumzika, na bado akalalamika kuwa amenyang'anywa mapumziko.

Mwaka 1929 serikali ya Moscow, chini ya Josef Stalin, ilikuwa mbioni kuigeuza nchi ya wakulima kuwa nchi ya viwanda. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulikuwa umeshaanza, na kila Jumapili mitambo ya gharama kubwa ilikaa bure. Mwezi Mei mwaka huo, mchumi Yuri Larin alipendekeza viwanda vifanye kazi mwaka mzima pasipo kusita. Mwezi Agosti serikali ikatoa amri, na tarehe mosi Oktoba utaratibu huo ukaanza.

Juma la siku saba likawekwa kando, likaja la siku tano. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, kila moja likiwa na rangi yake: manjano, waridi, nyekundu, zambarau na kijani. Kila rangi ilikuwa na siku yake ya kupumzika. Hivyo, siku yoyote ile, wafanyakazi wanne katika kila watano walikuwa kazini, na mitambo haikuzimwa.

Kwa hesabu za karatasini, mfanyakazi alipata faida. Zamani alifanya kazi siku sita ndipo apumzike. Sasa alifanya siku nne tu. Serikali nayo ilitarajia faida nyingine: pasipo Ijumaa, Jumamosi wala Jumapili, ingekuwa vigumu kwa Waislamu, Wayahudi na Wakristo kukusanyika kwa ibada.

Manung'uniko hayakuchelewa. Mume akiwa na rangi ya kijani na mkewe nyekundu, siku zao hazikukutana kamwe. Malalamiko yalifika hadi katika kurasa za Pravda, gazeti la chama tawala: mapumziko yana maana gani iwapo mtu anaketi nyumbani peke yake, mwenzake yuko kiwandani na watoto wako shuleni? Marafiki hawakuweza kutembeleana, wala ukoo kukaa pamoja.

Hata mitambo ilichoka. Hapakuwa na siku ya kuifanyia matengenezo, na kwa kuwa mashine moja ilipita mikononi mwa watu kadhaa, hakuna aliyejiona kuwa na dhamana nayo. Mwezi Juni mwaka 1931 Stalin mwenyewe alikemea hadharani hali hiyo ya kutowajibika. Mwishoni mwa mwaka huo likaletwa juma la siku sita, lenye siku moja ya mapumziko kwa wote: tarehe 6, 12, 18, 24 na 30. Huko vijijini, wengi waliendelea kuishika Jumapili yao. Hatimaye, tarehe 26 Juni 1940, serikali ikalirejesha juma la siku saba na Jumapili yake. Hata hivyo, amri hiyo haikuwa zawadi, kwani iliongeza saa za kazi na kumzuia mfanyakazi kuacha kazi bila ruhusa.

Ufaransa nayo ilikuwa imepita njia kama hiyo. Baada ya mapinduzi yake, mwaka 1793 iliweka juma la siku kumi. Mwaka 1802, chini ya Napoleon, watumishi wa serikali wakarudishiwa Jumapili.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo fundisho hilo katika lugha yenyewe. Neno Ijumaa, na juma lililotokana nalo, yana asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kukusanyika. Mzizi huo huo umetupa jamaa, jamii na jumuiya. Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya mkusanyiko, Jumapili ni ya pili, na hesabu inaendelea.

Jambo hili linawagusa hasa wasikilizaji wetu walio ughaibuni. Hadi mwaka 2013, Oman ilipumzika Alhamisi na Ijumaa, wakati Uingereza ilipumzika Jumamosi na Jumapili. Ndugu wawili, mmoja Muscat na mwingine London, hawakuwa na hata siku moja ya pamoja. Mwaka huo Oman ilihamia Ijumaa na Jumamosi, na sasa Jumamosi ni yao wote wawili. Umoja wa Falme za Kiarabu ulikwenda mbali zaidi Januari 2022, ulipochagua Jumamosi na Jumapili. Sababu kubwa ilikuwa biashara na masoko ya dunia, lakini jamaa nao walinufaika.

Bado wapo wauguzi, madereva na walinzi wanaofanya kazi kwa zamu, ambao siku yao ya kupumzika huwaangukia wakati nyumba ni tupu. Hao wanaelewa vyema walichokilalamikia wafanyakazi wa Moscow. Kwa hiyo, unapojadiliana na mwajiri wako kuhusu mapumziko, usiulize tu ni siku ngapi. Uliza pia ni siku zipi, na jamaa zako watakuwa wapi siku hizo.