Euphrase Kezilahabi, Msomi Aliyewahoji Wasomi

Euphrase Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Baada ya masomo ya seminari alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970. Azimio la Arusha, lililoielekeza Tanzania kwenye siasa ya ujamaa, lilikuwa limetangazwa miaka 3 tu nyuma, na taifa likiwategemea wasomi wake wachache. Kezilahabi, aliyekuwa mmoja wao, akaanza kwa kuwahoji.

Mwaka 1971 ikatoka riwaya yake Rosa Mistika. Rosa analelewa kwa ukali na baba yake, Zakaria. Akifika shuleni, mbali na macho ya baba, hajui kujilinda dhidi ya wanaume wanaomwandama. Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, ingawa baadaye iliingia madarasani. Kisha ikaja Kichwamaji, mwaka 1974. Humo Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anarudi kijijini na kujikuta hana tena lugha moja na wazazi wake, wala elimu haimpi sababu ya kuishi. Anajiua.

Mwaka huohuo alichapisha Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wanajadi walimjia juu, na mabishano yakadumu miaka mingi. Yeye alishikilia kwamba ushairi usogee karibu na usemi wa kawaida wa watu.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zikaigeukia siasa yenyewe. Kezilahabi alionyesha wanavijiji wakiburutwa kuingia katika ujamaa ambao hawakuulizwa kama wanautaka.

Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa utafiti juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Fikra hizo zikazaa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi zilizoacha usimulizi wa moja kwa moja na kurudi kwenye visasili, zikitafuta ukweli ambao dini na itikadi hazikuutoa. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana kwa miaka mingi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020.

Anayetaka kuielewa Tanzania ya Azimio la Arusha asiishie kwenye hotuba za viongozi. Asome na Gamba la Nyoka.