Ile Bustani ya Zanzibar Unayopitia Ukienda Forodhani? Ilikuwa Kasri, Ikachapwa Mizinga

Kama umewahi kuvuka hadi Zenji na mbogi yako, Forodhani unaijua. Ukiwa pale jioni na juisi ya miwa mkononi, moshi wa mishkaki ukikuchoma macho, geuka bahari ibaki mgongoni. Yale majumba meupe mbele yako ndiyo yalikuwa keja za masultani. Na ile bustani iliyo kati yao haikupandwa juu mtu alipenda maua.

Form ilianzishwa na Sayyid Said, sultani wa Oman aliyehamia Zanzibar akaona huku ndiko kuna doh. Alijenga Beit al-Sahel, nyumba ya ufukweni, kati ya 1827 na 1834. Baadaye ikaongezwa Beit al-Hukm, ya wanawake wa sultani. 1883 mwanawe Barghash akasimamisha kubwa lao, Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Nairobi wakati huo ilikuwa kinamasi tu. Ajaib ndiyo ilikuja kuwa nyumba ya kwanza Zanzibar kupata stima, na ya kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Majumba yaliunganishwa na vijia vya juu, ndio wanawake wa kasri wapite bila msee wa barabarani kuwaona.

Mambo ilichacha Agosti 25, 1896. Sultani Hamad alidedi ghafla, na kabla jua kutua binamu yake, Khalid bin Barghash, alikuwa ashaingia kasri akajitangaza sultani. Shida ni moja: Waingereza walikuwa wamesema hakuna sultani bila idhini yao, na mtu wao alikuwa Hamoud. Wakampa Khalid hadi saa tatu asubuhi ya Agosti 27 atoke. Akabaki, akidhani wanamtisha tu.

Saa tatu na dakika mbili, manowari zikafungua moto. Jumba lenyewe sehemu kubwa ilikuwa mbao, na wanaolilinda walikuwa kama 3,000. Dakika 38 hivi, imeisha. Upande wa Khalid, karibu watu 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja aliumia. Leo hii ni swali la kuchekesha kwa chemshabongo, eti vita fupi zaidi duniani. Mimi sioni kicheko hapo. Kumbuka wafuasi wa Khalid walilipishwa hadi bei ya makombora waliyopigwa nayo!

Majumba yaliyopigwa yakabomolewa. Upande mmoja likajengwa kasri jipya, mwingine ukageuzwa bustani, ile unayopitia ukienda kudishi. Forodhani yenyewe ni ya juzi: jina linatoka kwa forodha, ushuru wa mizigo, na bustani ilikuja miaka ya 1930.

Khalid alihepa hadi kwa ubalozi wa Wajerumani, wakamvusha Dar. Waingereza walimshika 1916, wakamtupa uhamishoni, Seychelles na St Helena. Mwishowe walimruhusu kurudi huku kwetu, na alifia Mombasa 1927.

Baada ya mapinduzi ya 1964, kasri jipya likaitwa Jumba la Wananchi, na tangu 1994 ni makumbusho. Ajaib ilitoka kwa ile mizinga karibu bila mkwaruzo. Lakini 2012 kipande kilianguka ikafungwa, na Desemba 25, 2020, ikiwa kwa ukarabati uliolipiwa na Oman, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka. Watu wawili walikufa.