Kazi zaidi ya moja: mfano wa Paulo

Kule Korinto, Paulo alishona hema pamoja na Akila na Prisila, na kila sabato alifundisha katika sinagogi (Matendo 18:3-4). Kwetu pia wachungaji wengi hawaishi kwa posho ya kanisa peke yake: wanalima, wanafundisha shuleni, wanafuga mbuzi. Tunashauri mambo matatu: kila kazi ipewe siku zake, feza zake ziandikwe katika daftari yake, zisichanganywe na sadaka, siku ya kupumzika isiguswe. Lakini wandugu walipofika toka Makedonia, walimsaidia Paulo katika mahitaji yake (2 Wakorinto 11:9). Basi jembe la mchungaji lisitufanye sisi kanisa tusahau deni letu kwake.