Orodha ya barua pepe na makundi ya Usenet: tofauti ni gani?

Mbele ya Facebook na WhatsApp kuzaliwa, watu walikuwa tayari wanabishana ku intaneti. Njia kubwa zilikuwa mbili, na zote ziko hadi leo.

Ya kwanza ni orodha ya barua pepe. Mtu anaandika kwa anwani moja, na mashine inatumia kila mwanachama nakala yake. Mwaka 1986, Eric Thomas, akiwa Paris, Ufaransa, alitengeneza LISTSERV, programu inayoandikisha na kutoa wanachama yenyewe.

Ya pili ni makundi ya Usenet. Wazo lilitoka mwaka 1979 kwa Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Huku ujumbe hauingii katika sanduku la mtu. Unabandikwa ku seva, sawa tangazo ku ubao wa soko, na seva zingine zinaunakili. Mwenye kutaka kusoma anaenda mwenyewe.

Uzito. Orodha yenye watu 1.000 inatuma nakala 1.000, na wasemaji wakiwa wengi, sanduku linajaa. Kwa Usenet, kila seva inashika nakala moja tu, na msomaji anachagua anachofungua.

Mlango. Orodha iko na mwenye kuisimamia: anaweza kukubali mtu ao kumufukuza. Makundi mengine ya Usenet yalikuwa na msimamizi, lakini mengi apana. Uhuru ule ulileta mazuri: mwezi wa 8 mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kazi yake ya Linux katika kundi comp.os.minix. Ulileta mabaya pia: mwezi wa 4 mwaka 1994, wanasheria wawili wa Marekani walibandika tangazo la biashara kuhusu bahati nasibu ya green card katika maelfu ya makundi. Ku mlango hapakuwa mlinzi. Leo watengenezaji wa Linux wanajadiliana kwa orodha ya barua pepe.

Kumbukumbu. Seva za Usenet zilikuwa zinafuta ujumbe wa zamani, basi wengi walizani maneno yao yatapotea. Mwaka 1995, Deja News ikaanza kuyahifazi. Mwaka 2001, Google ikanunua hazina ile. Neno la ujana likawa linatafutika na kila mtu. Kwa orodha, hata msimamizi akifuta, nakala inabaki kwa kila aliyeipokea.

Kwa hiyo, kwa kamati ndogo yenye mambo ya siri, orodha njo inafaa zaidi. Kwa swali la watu wote, kundi la wazi.

Kundi la WhatsApp linafanana na orodha: kutoka katika kundi hakufuti ulichoandika ku simu za wengine. Mbele ya kuandika jina la jirani ao habari za usalama wa mtaa, mtu ajiulize maneno mawili: nani anashika mlango, na nani anabaki na nakala?