Afrika Kusini: Nyuso zilizokataa kufichwa

Katiba ya Afrika Kusini iliwalinda wapenzi wa jinsia moja mapema kuliko katiba nyingine yoyote duniani. Hata hivyo, kwa wanawake weusi wa vitongojini, kutambuliwa na katiba hakukuwa sawa na kutambuliwa na jirani.

Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba mwaka 1990, watu wapatao 800 waliandamana mjini Johannesburg kudai haki za wapenzi wa jinsia moja. Baadhi yao walijifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi iliyotobolewa matundu ya macho. Hofu yao ilikuwa na sababu: aliyeonekana aliweza kupoteza kazi, nyumba na hata maisha.

Miongoni mwa walioandamana uso wazi alikuwa Beverley Ditsie, binti wa Soweto ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Miaka miwili kabla yake, yeye na Simon Nkoli, aliyepata kushtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa GLOW, jumuiya iliyowakusanya watu hao bila kujali rangi. Hoja yao ilikuwa moja: vita dhidi ya ubaguzi wa rangi haviwezi kutenganishwa na vita vya mtu kumpenda ampendaye.

Septemba mwaka 1995, Ditsie alisimama mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mjini Beijing, akataka haki za wanawake wanaopenda wanawake wenzao zihesabiwe kuwa haki za binadamu. Ombi hilo halikuingia katika azimio la mwisho. Nyumbani, mambo yalikwenda kasi zaidi. Katiba ya mwaka 1996 ilipiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo, na mwezi Novemba mwaka 2006 Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuruhusu ndoa za jinsia moja.

Lakini sheria ilikuwa imefika bungeni, haikuwa imefika mtaani. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 2006, Zoliswa Nkonyana, msichana wa miaka 19, aliuawa na kundi la vijana katika kitongoji cha Khayelitsha, Cape Town. Kesi yake iliahirishwa mara nyingi, na hukumu ya kifungo ikatolewa mwaka 2012. Mwezi Aprili mwaka 2008, Eudy Simelane, aliyepata kuichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, Banyana Banyana, alibakwa na kuuawa huko KwaThema. Wanawake wengine walibakwa na wanaume waliodai kwamba wanawarekebisha.

Ni katika mazingira hayo ndipo Zanele Muholi alipoishika kamera. Muholi alizaliwa mwaka 1972 Umlazi, karibu na Durban, na mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alijifunza upigaji picha katika Market Photo Workshop mjini Johannesburg, shule iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt. Mwaka 2002 alishiriki kuanzisha FEW, jumuiya ya kuwatetea wanawake weusi wanaopenda wanawake wenzao. Muholi hupenda kujiita mwanaharakati wa picha kabla ya kuitwa msanii.

Mwaka 2006 alianza mfululizo wa picha uitwao Faces and Phases. Kila picha ni nyeusi na nyeupe, na anayepigwa humtazama mtazamaji machoni. Kila moja hubeba jina la mtu, mahali na mwaka. Chini ya ubaguzi wa rangi, picha ya Mwafrika ilibandikwa katika kipande ili polisi wamdhibiti. Muholi aligeuza maana hiyo: sasa mwenye uso ndiye aliyeamua kuonekana.

Mmoja wa wa kwanza alikuwa Busi Sigasa, mshairi aliyeandika akiomba akumbukwe. Alifariki dunia mwaka 2007, na picha yake ikabaki.

Kuonekana kuliendelea kuwa na gharama. Mwaka 2009, waziri wa sanaa na utamaduni wa wakati huo, Lulu Xingwana, aliondoka katika maonyesho mjini Johannesburg yaliyokuwa na kazi za Muholi, na baadaye akazielezea kuwa kinyume cha maadili. Maonyesho hayo yalikuwa Constitution Hill, gereza la zamani ambako leo iko Mahakama ya Katiba. Mwezi Aprili mwaka 2012, wezi walivunja nyumba yake Cape Town, wakachukua vihifadhi picha zaidi ya 20, kazi ya miaka kadhaa.

Muholi aliendelea. Mfululizo huo umepita picha 500, na mwaka 2020 jumba la Tate Modern, London, lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake.

Katika maonyesho hayo, picha hupangwa ukutani safu kwa safu, na kati yake huachwa nafasi tupu. Baadhi ni za waliokwisha kufa. Nyingine zinawasubiri wale ambao bado hawajawa tayari kuonyesha nyuso zao.