Kalenda ya Ligi na Kalenda ya Mto

Mchezo wa mpira wa miguu una sheria 17, na sheria hizo ni zile zile, uchezwe Mombasa, London au Tokyo. Walakini iko sheria moja zaidi isiyoandikwa kitabuni, nayo ni sheria ya majira. Hiyo ndiyo huamua ni mwezi gani mpira utadunda juu ya majani makavu, na ni mwezi gani utaelea majini. Wakubwa wa mpira wanaweza kuandika kalenda yoyote waipendayo, lakini mvua haisomi barua zao. Katika insha hii twataka kutazama jinsi mpango wa ligi ya Kenya ulivyobadilika, na kupima mabadiliko hayo yana maana gani kwa klabu ndogo za nchi ya Mto Tana, hasa za Garsen na vijiji vya jirani.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Huanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita nchi kavu kwa mwendo wa kilomita zipatazo 1,000, kisha huingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Garsen iko sehemu ya chini ya mto huo, mahali ambapo nchi ni tambarare na maji hutawanyika yatakavyo. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe kandokando ya mto. Waorma na Wawardei huchunga ng'ombe katika mbuga, na wakati wa kiangazi huwaleta karibu na maji. Kaunti nzima ya Tana River ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 38,000, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu 315,943. Maana yake ni kwamba kila kilomita moja ya mraba ina watu 8 tu, au zaidi kidogo. Basi timu mbili zikitaka kukutana, aghalabu moja itasafiri safari ndefu.

Kila mwaka maji ya Tana hupanda mara mbili: kwanza kwa mvua za masika, mwezi wa Aprili na Mei, na tena kwa mvua za vuli, mwezi wa Novemba na Desemba. Yafaa ikumbukwe kwamba mafuriko huweza kufika Garsen hata kama mawingu ya Garsen hayakutoa tone, kwa sababu maji hutoka milimani mbali. Kwa mkulima maji hayo ni rehema yakija kwa kiasi, maana huleta udongo wenye rutuba. Kwa nahodha wa timu ni jambo jingine: kiwanja kimezama, njia imekatika, na ng'ambo ya pili wapinzani wanangoja.

Sasa tuitazame ligi. Katika siku za ukoloni fahari ya mpira ilikuwa katika vikombe. Kombe la Gossage lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika na Zanzibar ziliingia baadaye. Kenya ilijiunga na FIFA, shirikisho la mpira la dunia, mwaka 1960, na Ligi ya Taifa ikaanzishwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru. Nakuru All Stars ilikuwa bingwa wa kwanza, na mwaka 1965 Feisal ya Mombasa iliuleta ubingwa Pwani.

Msomaji asiuone mwendo huu kutoka kikombe kwenda ligi kuwa jambo dogo. Kikombe huweza kwisha kwa siku chache. Watu hukusanyika, hucheza, mshindi hujulikana, kila mtu hurudi kwake. Ligi huchukua miezi. Kila timu sharti imtembelee kila mpinzani na kutembelewa naye, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo ligi hutegemea barabara, nauli na hali ya hewa kuliko kikombe. Mji wenye lami hauoni tofauti hiyo upesi. Kijiji kilicho kando ya mto huiona mara moja.

Tangu hapo mpango wa ligi umegeuzwa mara nyingi, na si kwa amani kila mara. Mwaka 2003 klabu kadhaa kubwa zilijitenga na chama kilichotawala mpira, zikaanzisha ligi yao. Mwaka 2004 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu serikali iliingilia mambo ya mpira. Mwaka 2015 ligi kuu mbili zilisimama pamoja nchini: moja ikitaka timu 16, nyingine ikitaka timu 18, mpaka mapatano yalipofanywa. Mwaka 2017 ligi ikawa na timu 18. Katika magomvi hayo yote waliosema sana walikuwa wakubwa wa Nairobi, yaani viongozi wa shirikisho na wa klabu mashuhuri. Klabu ndogo, zilizo nyingi kuliko zote, ziliambiwa tu lililoamuliwa.

Badiliko linalotuhusu zaidi lilikuja baada ya hayo. Zamani msimu wa Kenya ulianza yapata Februari au Machi, ukaisha yapata Novemba. Julai 2017 Shirikisho la Mpira la Afrika liliamua kwamba mashindano yake ya klabu yafuate mwendo wa kuanzia nusu ya pili ya mwaka mpaka Mei ya mwaka unaofuata, kama ilivyo Ulaya. Kenya ikafuata. Msimu wa 2018 ulimalizika Oktoba, na msimu uliofuata ukaanza Desemba 2018 na kwisha Mei 2019. Kila timu ya Ligi Kuu ililazimika kucheza michezo 34 katika muda wa miezi sita hivi. Gor Mahia ilitwaa ubingwa wa misimu yote miwili.

Je, klabu za chini nazo zifuate kalenda hiyo ya Agosti hadi Mei? Wapo wasemao ndiyo, na hoja zao si za kupuuzwa. Ligi ni kama ngazi. Klabu ya Garsen ikianza katika ligi za kaunti, hutumaini kupanda katika kanda, kisha Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, Ligi ya Supa, na mwisho Ligi Kuu. Vipago vya juu vikihesabu mwaka kwa namna moja na vya chini kwa namna nyingine, timu iliyoshinda Novemba itangoja miezi mingi kabla ya kupanda, na wakati huo wachezaji wake wazuri watachukuliwa na wenye fedha. Klabu iliyo nje ya kalenda ya wenzake huwa kama abiria aliyefika kituoni gari limekwisha kuondoka.

Wapo pia wasemao hapana, nao wanaonyesha mto. Katika kalenda ya zamani mafuriko ya masika yaliupata msimu ungali mchanga. Michezo iliyoahirishwa Aprili na Mei iliweza kuchezwa Julai, Agosti na Septemba, wakati maji yamepungua na upepo wa kusi umepoza jua. Katika kalenda mpya msimu hukutana na mafuriko mara mbili: vuli huukuta katikati, na masika huukuta mwishoni. Mwishoni ndipo michezo ya kupanda na kushuka daraja huamuliwa, na hapana tena nafasi ya kulipa madeni. Timu iliyocheza vizuri kuanzia Agosti yaweza kupoteza jasho lake lote kwa sababu gari lilikwama matopeni, na kitabu cha kanuni hakina huruma kwa asiyefika uwanjani.

Tena mafuriko si hadithi za mababu. Yale ya mwaka 1961 na ya 1997 hadi 1998 hukumbukwa hata leo. Katika miezi ya Novemba 2023 na Aprili 2024 maji yalifukuza maelfu ya watu katika makao yao kwenye Kaunti ya Tana River, na barabara zikakatika. Katika siku kama hizo mwenye akili hasemi habari ya mpira kwanza. Husema habari ya uhai. Lakini maji yakiisha, watu waliorudi katika vijiji vyao huhitaji pia mahali pa kukutana na kucheka.

Hapo ndipo uzito wa swali letu ulipo. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana, katika vita vya wakulima na wafugaji. Mpira hauwezi kumaliza ugomvi wa maji na malisho, wala si kweli kwamba goli hufuta damu. Walakini ligi iliyo hai ina fadhili moja ndogo: huwalazimisha vijana wa upande huu kwenda upande ule kwa ratiba, wakijulikana kwa majina, na kurudi salama. Ligi ikifa kwa kukosa majira yanayofaa, fadhili hiyo nayo hufa.

Mataifa mengine yamefanyaje? Nchi ya Uswidi hapo kale ilicheza ligi yake kuanzia majira ya majani kupukutika hadi majira ya kuchipua, ikikatwa na theluji katikati. Ilipotaka kuhama, haikubana msimu bali iliurefusha: katika msimu wa 1957 hadi 1958 kila timu ilicheza michezo 33, kisha kuanzia 1959 ligi ikafuata mwaka wa kawaida. Ireland ilihamia majira ya joto mwaka 2003. Japani, kwa upande mwingine, iliamua Desemba 2023 kuifuata kalenda ya Agosti hadi Mei kuanzia 2026, lakini ikaweka mapumziko marefu wakati wa baridi kali. Na shirikisho lile lile la Afrika, lililopanga kombe la mataifa lichezwe Juni na Julai, lilililiondoa kombe la Côte d'Ivoire katikati ya mwaka 2023 na kuliweka Januari 2024, kwa kuhofu mvua. Ikiwa mvua yaweza kuwageuza wakubwa wa bara zima, yawezaje kuwa aibu kwa klabu ya Garsen kuitaja?

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Lakini hawakusema uingie mahali penye kina kabla ya kupapima. Kwa maoni yetu klabu za Tana zisijitenge na ngazi ya taifa, maana mwenye kujitenga hubaki peke yake kiwanjani. Ila zidai mambo mawili. La kwanza ni mapumziko ya mafuriko: Novemba na Desemba, na tena Aprili na Mei, michezo ya ligi za chini isimame, na miezi mikavu ya Januari, Februari na Machi ijazwe vizuri. La pili ni kuzigawa timu kwa makundi ya jirani, ili zikutane kwanza zilizo upande mmoja wa mto, na washindi tu wasafiri mbali maji yakiwa yamepungua. Mapumziko hayo yatakuwa na gharama, kwa kuwa washindi watajulikana Machi, kabla ya wenzao wa Nairobi, nao watapaswa kungoja. Lakini kungoja miezi michache na kikombe mkononi ni bora kuliko kukipoteza njiani.

Madai hayo hayatasikilizwa kwa kelele. Yatasikilizwa kwa hesabu. Ewe kijana, pengine kesho utakuwa katibu wa klabu ya kijijini kwako. Nunua daftari. Andika tarehe ya kila mchezo, uliochezwa na usiochezwa, na sababu yake. Andika siku maji yalipofika kiwanjani na siku yalipoondoka. Fanya hivyo miaka mitano bila kukosa. Ukiingia mkutanoni na daftari hilo, hutakuwa mtu wa kuomba huruma, bali shahidi mwenye ushahidi.