Asili ya Alama Isiyoonekana Mwishoni mwa Mstari

Kila aanzaye elimu ya kuandika programu hufika siku anapoamriwa kusoma faili la maandishi na kuyatia majina yaliyomo katika orodha, mstari baada ya mstari. Naye akishamaliza, akalitafuta jina alijualo kwa yakini kuwa limo, kompyuta humjibu kuwa halimo. Sababu ni kwamba kila jina limeingia orodhani pamoja na alama ya kukata mstari, isiyoonekana kwa macho, ambayo asili yake ni ya kale kuliko kompyuta.

Katika mitambo ya simu za maandishi, kichwa cha kuchapia kilipofika ukingoni zilihitajiwa amri mbili: moja ya kukirudisha kushoto, na nyingine ya kuisogeza karatasi kwa mstari mmoja, na Donald Murray wa New Zealand alikwisha kuzitia zote mbili katika mpango wake wa alama za simu mwaka 1901. Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na kwa kuwa safari ya kichwa kurudi ilizidi muda wa herufi moja, ile amri ya pili ilikipa pia nafasi ya kufika. Mwaka uo huo mpango wa ASCII, wa kuziwakilisha herufi kwa nambari ndani ya kompyuta, ukazipa amri hizo nambari 13 na 10.

Wahandisi wa mfumo endeshi wa Multics waliona, nami naihesabu kuwa ndiyo rai iliyo sahihi, kwamba faili ni amana ya maneno wala si hati ya kuongozea mtambo, basi wakatosheka na nambari 10 peke yake, na Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie ikairithi kuanzia mwaka 1969. Mfumo endeshi mwingine, CP/M ya Gary Kildall, ilizishika zote mbili, ikafuatwa na MS-DOS ya mwaka 1981, kisha Windows; ama Macintosh ya mwaka 1984 ilichagua 13 pekee.

Lugha ya Python ya Guido van Rossum, iliyotolewa mwaka 1991, siku hizi huzigeuza desturi hizo tatu kuwa moja isomapo maandishi, lakini alama yenyewe haiiondoi, kwani ndiyo inayoutenga mstari mtupu na mwisho wa faili. Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, usilinganishe jina lolote lililotoka failini kabla hujalisafisha kwa rstrip, amri ya Python ya kuziondoa alama tupu za mwishoni.